Kura ya Mpangaji

Langoni mwa jumba nikaalo, hapa Donholm, pamebandikwa karatasi iliyotiwa ndani ya nailoni ili mvua isiifute, nayo ina maneno machache yasiyohitaji mfasiri: kodi ilipwe kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Karatasi hiyo haimtaji mtu kwa jina wala kwa kabila, haiulizi nani katoka Nyeri na nani katoka Siaya, wala haimsamehe mwalimu kwa ajili ya elimu yake au mhubiri kwa ajili ya ibada zake. Chini ya karatasi hiyo, jioni za Jumapili, huketi mzee mmoja jirani yangu, mstaafu wa shirika la reli ambaye ujana wake ulipita Makongeni, akiota jua la machweo na kusoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma. Ni yeye aliyenikumbusha, siku moja tulipokuwa katika mazungumzo ya wakubwa walio hai na waliotangulia mbele ya haki, kwamba hayati Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Kenya, hakuanzia Othaya.

“Alianzia huku kwetu, kijana wangu,” alisema, akiigonga ardhi kwa ncha ya bakora yake. “Kiti chake cha kwanza kilikuwa cha Doonholm. Na sisi wapangaji ndio tuliompa.”

Maneno ya mzee ni kweli tupu, ijapokuwa wengi wetu tumeghafilika nayo. Jina hili tunaloliandika leo kwa herufi chache kuliko zamani lililetwa na mlowezi wa Kiskoti, aliyefuga ng'ombe wa maziwa kwenye nyanda hizi za mashariki ya Nairobi na kuliita shamba lake kwa jina la mahali alikotoka. Barabara iliyotoka mjini kuelekea huko ikaitwa Doonholm, hata uhuru ulipokuja ikapewa jina la Jogoo, ndege aliyekuwa alama ya chama cha KANU. Katika uchaguzi wa Mei 1963, ule uliotangulia Madaraka kwa siku chache, jina la Doonholm lilikuwa pia jina la jimbo la uchaguzi, na mbunge wake akawa kijana wa miaka 31, Mwai Kibaki. Baadaye jimbo likaitwa Bahati, na hivi leo ni Makadara. Mtaa wetu wenyewe, ambao sehemu kubwa ya nyumba zake haikuwa imejengwa wakati ule, umeangukia Embakasi Mashariki. Basi jina limehama, na mbunge alihama, nao wapangaji wangali wanalipa kodi.

Habari za Kibaki zimeandikwa sana, na tangu alipofariki tarehe 21 Aprili 2022 akiwa na umri wa miaka 90, zimeandikwa kwa wino wa staha, kama ada yetu ilivyo kwa maiti. Mimi sikusudii kumlaumu aliyelala kaburini, wala kumvika kilemba kisichomtosha. Nakusudia kulichungua jambo moja katika maisha yake marefu ya siasa, jambo ambalo waandishi wa wasifu hulipita kwa mstari mmoja na kuendelea: kwamba mtu huyu alichaguliwa kwanza na watu wasio wake, akaulizwa maswali na watu hao, kisha akawaacha akaenda kwa watu wake, nao hawakumnyima kiti hata mara moja. Naamini ya kuwa ndani ya uhamisho huo mmoja imo ibra ya siasa yetu nzima.

Tumtazame kwanza alivyokuwa alipokuja kwetu. Alizaliwa Gatuyaini, Othaya, mwaka 1931, mtoto wa wakulima. Akasoma Mang'u, kisha Makerere, alikohitimu masomo ya uchumi kwa daraja la kwanza, kisha London, alikojifunza elimu ya fedha za umma. Akarejea Makerere kufundisha. Mwisho wa mwaka 1960 aliiacha kazi hiyo yenye heshima na mshahara wa uhakika ili awe mtendaji wa ofisi kuu ya KANU, chama kichanga kisichokuwa na fedha, akiitikia wito wa Tom Mboya. Si watu wengi wa leo ambao wangetoka kwenye kiti cha chuo kikuu na kwenda kupanga mafaili ya chama. Aliyefanya hivyo aliamini, kwa dhati ya moyo wake, kwamba taifa hujengwa kwa fikira na kwa hesabu, wala si kwa ukoo.

Na Mboya aliyemwita alikuwa na imani iyo hiyo, naye aliithibitisha kwa vitendo. Angeweza kwenda Rusinga, kisiwa cha wazee wake, akapewa kiti bila jasho. Lakini alichagua Nairobi, na katika uchaguzi ule wa 1963 akawa mbunge wa Nairobi Central, jimbo liitwalo leo Kamukunji, Mjaluo aliyechaguliwa katika mitaa iliyojaa Wakikuyu, Wakamba na Waluhya. Kibaki naye akachukua Doonholm, jimbo la jirani. Hawa wawili, ambao miaka miwili baadaye walikuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa ile Hati Na. 10 ya 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, walisimama mjini kwa sababu mjini ndipo palipokuwa na Wakenya. Huko mashambani palikuwa na Wakikuyu, na Wajaluo, na Wamijikenda, kila kundi na mto wake na mlima wake.

Yafaa tueleze jimbo la namna hii ni jimbo gani, kwa ajili ya wasomaji wasioijua Eastlands. Makadara, Jericho, Maringo, Bahati, Makongeni na Kaloleni ni mitaa iliyojengwa na baraza la mji na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi. Nyumba zake za mawe ni za vyumba vichache, bomba lake ni la wengi, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba ugomvi wa mke na mume huamuliwa na mtaa mzima. Katika ukumbi wa Kaloleni wazalendo wa chama cha KAU walikutana kabla ya hali ya hatari ya 1952 na kujadiliana juu ya nchi ambayo ilikuwa haijazaliwa. Mtu wa mitaa hii hakuzaliwa hapa, na aghalabu hakutazamia kuzikwa hapa. Mbunge wake si mjomba wake wala hakutahiriwa pamoja na kaka yake. Hamdai mbunge udugu. Humdai maji, nauli, shule na bei ya unga. Akitoshelezwa husema ahsante, asipotoshelezwa hutafuta mwingine, kama vile mwenye nyumba atafutavyo mpangaji mwingine, bila bughudha na bila machozi.

“Mwenye nyumba haulizi u mwana wa nani,” mzee wa reli aliniambia siku ile. “Hutazama mkono. Nasi tulikuwa wenye nyumba wa kile kiti.”

Mwaka 1969 wenye nyumba hao walimtazama Kibaki mkononi. Ulikuwa mwaka mchungu. Tarehe 5 Julai Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya mji. Oktoba chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kikapigwa marufuku baada ya damu kumwagika Kisumu. Na Desemba ukaitishwa uchaguzi ambao ndani yake palikuwa na chama kimoja tu, hata ikawa kura ya mchujo ya KANU ndiyo kura yenyewe. Ungedhani kwamba katika hali hiyo waziri wa Biashara na Viwanda, msomi mashuhuri, rafiki wa Ikulu, angepita kama kisu katika siagi. Lakini palitokea mwanamke, Jael Mbogo, asiye na wizara wala bendera kwenye gari, akasimama dhidi yake katika jimbo ambalo sasa lilikuwa likiitwa Bahati, na akamtoa jasho ambalo hakupata kulitoa tena katika kiti cha ubunge kwa miaka yote iliyobaki. Matokeo yalipotangazwa, Kibaki alitajwa mshindi kwa pengo dogo mno. Naye Jael Mbogo hakuikubali hesabu ile, akashikilia kuwa alidhulumiwa. Mwaka uo huo Grace Onyango wa Kisumu aliingia bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Kenya. Lau hesabu ya Bahati ingaliinama kidogo upande wa pili, wangaliingia wawili.

Mzee wangu alipiga kura yake ya kwanza siku hiyo, akiwa kijana wa miaka 24. Anaukumbuka mlolongo na vumbi, na viatu alivyoviazima kwa mwenzake wa chumba kwa sababu aliona ni aibu kuingia kituoni na kandambili. Nilimuuliza alimpa nani kura yake. “Kura ni siri,” alijibu, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa tufike kwenye lile jambo. Kibaki hakuadhibiwa na Serikali kwa kuponea chupuchupu. Kinyume chake, alipandishwa, akakabidhiwa Wizara ya Fedha, ambayo aliishika kwa zaidi ya miaka kumi kwa ustadi ambao hata mahasimu wake wanaukiri. Lakini fundisho la Bahati lilimwingia. Uchaguzi wa 1974 ulipowadia, waziri aliyezijua hesabu za nchi nzima alipiga na zake mwenyewe, akafunga virago, akaenda kugombea Othaya, mahali alipozaliwa. Wahenga wamesema mcheza kwao hutuzwa. Alituzwa kweli: kuanzia mwaka huo hadi alipostaafu mwaka 2013 Othaya haikumwangusha, na ukijumlisha na ile miaka kumi na mmoja ya kwetu, alikaa katika Bunge la Kenya miaka 50 mfululizo, muda ambao hapana mwingine aliyeufikia.

Simlaumu mtu kwa kupenda kwao. Wala sisemi kuwa watu wa Othaya ni watu wasiojua kuuliza. Mkulima wa kahawa na chai anajua bei ya jasho lake kuliko mwanauchumi yeyote. Nasema tu kwamba kiongozi mkubwa anapokwenda kwa watu wa damu yake, hali hubadilika kwa pande zote mbili. Wao hawamtazami tena kama mtumishi aliyepewa dhima ya muda. Humtazama kama mwana wao aliyepanda juu, ambaye kumwangusha ni kujiangusha wenyewe mbele ya majirani. Naye hawatazami tena kama mahakimu. Huwatazama kama ngome. Swali la “umetufanyia nini?” humezwa na swali la “nani anatuandama?” Na mtu akikaa ndani ya ngome miaka arubaini, hata awe mpole na mwenye hekima jinsi gani, husahau sauti ya mlango unaobishwa na mtu asiye ndugu yake.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda baadaye. Mwaka 1978 Kibaki akawa Makamu wa Rais chini ya Daniel arap Moi, akakaa katika cheo hicho miaka kumi. Mwaka 1988, mwaka wa kura ya mlolongo, wapiga kura walipopangwa nyuma ya wagombea mchana kweupe na mfupi akatangazwa mrefu, hata ngome yake ya Nyeri iliingiliwa. Ni wakati huo yanapotajwa maneno yanayonasibishwa naye, ya kuwa hata kuiba kura kunahitaji akili. Aliondolewa umakamu, akapelekwa Wizara ya Afya, naye akaenda kimya. Wengine walipokuwa wakipigwa virungu na kutiwa korokoroni wakidai vyama vingi, yeye alisema kwamba kuing'oa KANU ni kama kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Kisha kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipokwisha kufutwa, siku ya Krismasi ya 1991, akajitoa katika chama hicho na kuunda Democratic Party. Walikuwapo waliosema kwamba mti ulipoanguka naye ndipo alipotoka na wembe wake. Ni usemi mkali, lakini si wa uzushi mtupu.

Halafu yeye mwenyewe akaonja uchungu wa hesabu mbovu. Mwaka 1992 alikuwa wa tatu katika mbio za urais. Mwaka 1997 akawa wa pili nyuma ya Moi, akaenda mahakamani kuyapinga matokeo. Kesi ile haikufika hata kwenye kuhesabu kura: ilitupwa kwa hoja ya kuwa hati za mashtaka hazikukabidhiwa Moi mkononi mwake mwenyewe, kana kwamba mkulima wa Othaya angeweza kuvuka ulinzi wote wa Ikulu akiwa na bahasha kwapani. Hapana shaka kwamba kufikia mwaka 2002 Kibaki alikuwa ameyaona mambo ya kura kwa pande zote, upande wa aliyeponea na upande wa aliyenyimwa.

Ndipo ikaja ile Desemba ambayo waliokuwapo hawataisahau. Alishinda kwa asilimia 62 ya kura, mgombea wa muungano wa NARC uliokusanya watu wa kila pembe, na tarehe 30 Desemba 2002 akala kiapo Uhuru Park akiwa juu ya kiti cha magurudumu, mguu ukiwa umefungwa plasta kwa sababu ya ajali ya barabarani, mbele ya umati uliopanda miti ili uone. Naweza kusema kwamba siku ile Kibaki alirudi Doonholm. Hakuchaguliwa na ukoo. Alichaguliwa na wapangaji, yaani na watu waliotaka kazi ifanyike. Na kwa muda alitenda kama mtu anayejua kuwa tarehe 5 inakaribia. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa wakichunga mbuzi na kuuza njugu wakaingia darasani. Mwaka uliofuata, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, akavaa soksi ndefu akaketi nao. Mwaka 2003 pia ikapitishwa sheria ya CDF, iliyoletwa bungeni na Muriuki Karue wa Ol Kalou, ikitenga asilimia 2.5 ya mapato ya Serikali kwa majimbo yote. Na leo katika Eastlands nzima ni taabu kupata shule ya umma isiyokuwa na chumba kilichopigwa rangi na kuandikwa herufi hizo tatu ukutani. Kabla hajaondoka aliacha na barabara kuu ya Thika, ambayo inatosha kuwa sanamu yake.

Haya ni mema, na insafu yatutaka tuyataje kwa sauti. Lakini insafu hiyo hiyo yatutaka tuitaje na tarehe 30 Desemba 2007, miaka mitano kamili baada ya kile kiapo cha Uhuru Park, ambapo Rais yuleyule, mwanauchumi aliyezijua hesabu, mlalamishi wa 1988 na wa 1997, aliapishwa jioni katika bustani ya Ikulu, dakika chache baada ya kutangazwa mshindi, bila umati na bila miti iliyopandwa na watu. Nani alishinda? Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza baadaye, ilisema kuwa hesabu ilivurugwa kiasi kwamba haikuwezekana kuujua ukweli. Nchi ikawaka. Watu 1,133 wakafa kwa hesabu ya Tume ya Waki, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao.

Msomaji atauliza: je, haya yote yanahusiana vipi na jimbo aliloliacha mwaka 1974? Yanahusiana hivi. Serikali ya 2002 iliingia kwa kura za wapangaji, lakini haikuchukua muda kabla haijahamia kwao. Mapatano ya NARC yakavunjika. Marafiki wa zamani wa eneo la Mlima Kenya wakaizunguka meza. Kura ya maoni ya Novemba 2005 ikaigawa nchi kwa matunda mawili, ndizi na chungwa. Na kufikia 2007 kila upande ulikuwa umejifungia katika ngome yake, ukihesabu ndugu badala ya kuhesabu sababu. Kiongozi aliyefunzwa na Doonholm peke yake angaliweza kushindwa akaenda zake, kwa maana mpangaji hujua kuhama. Aliyezoea ngome huona kushindwa ni kufukuzwa nyumbani kwa baba yake, na kwa nyumba ya baba watu hupigana.

Na moto ule ulikuja hadi mlangoni petu. Tarehe 29 Januari 2008, Mugabe Were, mbunge mpya wa Embakasi, jimbo ambalo wakati ule mtaa wetu ulikuwa ndani yake, alipigwa risasi akafa langoni mwa nyumba yake, hajatimiza hata miezi miwili tangu achaguliwe. Watu wa Eastlands walimchagua Desemba, wakamlilia Januari, wakapiga kura upya Juni. Siku zile barabara ya Jogoo, iliyokuwa ikiitwa Doonholm, ilifukiwa mawe na matairi yanayowaka; na majirani waliokuwa wakiazimana makaa na chumvi wakaulizana, pengine kwa mara ya kwanza tangu wahamie, jina la pili ni nani. Ilikuwa ni lile swali la ngome, limefika mjini.

Kwa haki ya marehemu niongeze jambo la mwisho. Tarehe 28 Februari 2008 alitia saini mapatano na Raila Odinga, akakubali kugawana madaraka. Na tarehe 27 Agosti 2010, pale pale Uhuru Park, akaitangaza Katiba mpya, ambayo imeweka viti 47 vya wawakilishi wanawake wa kaunti, kana kwamba deni la Jael Mbogo limeanza kulipwa. Katiba hiyo, katika kifungu cha 104, inampa mpiga kura haki ya kumrudisha mbunge wake nyumbani kabla ya muda kwisha. Mwenye nyumba amepewa hati. Lakini hadi leo hapana mbunge hata mmoja aliyerudishwa kwa njia hiyo, na sababu haiko katika ugumu wa sheria pekee. Iko katika ugumu wa mioyo yetu, maana nani amrudishe mwana wake?

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa Donholm, na wa mitaa yote ya upande huu wa mji, kwa maneno ambayo huenda yasiwapendeze. Ni rahisi kumcheka waziri aliyekimbilia Othaya baada ya mwanamke mmoja kumtoa jasho. Lakini sisi nasi, kila mmoja, tuna Othaya yetu. Uchaguzi ukikaribia, nenda Machakos Country Bus alfajiri uone: mtu aliyekaa Nairobi miaka ishirini, ambaye watoto wake wanasoma hapa, ambaye maji machafu yanapita hapa mbele ya mlango wake, amebeba begi na kuku wa kupelekwa, anasafiri usiku na mchana kwenda kupiga kura ushago, kwa sababu jina lake limeandikishwa huko. Anakwenda kumchagua mbunge atakayetengeneza barabara ambayo yeye ataipita siku kumi kwa mwaka, wakati wa Krismasi na wakati wa matanga. Kisha anarudi huku kwenye mashimo ya Savannah, akakuta mbunge amechaguliwa na wengine, akalalamika miaka mitano kwamba Nairobi haina viongozi.

Watasema: huko ndiko kwetu, huko ndiko tutakakozikwa. Ni kweli, na sina neno na makaburi. Lakini mbunge hawawakilishi wafu. Huwawakilisha wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta gari, wanaonunua maji kwa mtungi, wanaongoja zamu katika zahanati. Mtu akipiga kura mahali asipokaa, hupiga kwa kumbukumbu na kwa udugu. Akipiga mahali anapokaa, hupiga kwa njaa na kwa kiu yake, na hizo ndizo washauri wasiosema uongo. Kura ya 1969, ile iliyokaribia kumwangusha waziri mkubwa katikati ya mwaka wa hofu, ilipigwa na watu waliojiandikisha mahali walipokuwa wakilala. Kama wangalikuwa wamesafiri kwenda kwao, Kibaki asingalikuwa na sababu ya kuhama, na Jael Mbogo asingalikuwa na nafasi ya kusimama.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Kitambulisho changu kimekuwa kikisema, kwa miaka mingi, kwamba mimi ni mtu wa mahali pengine, na nimekuwa nikikitii. Juma lililopita nilikichukua, nikaenda kuihamisha kura yangu. Jioni nilimkuta mzee wa reli langoni, chini ya ile karatasi ya kodi, nikamwambia nilikotoka. Alilikunja gazeti lake, akanitazama kwa muda kama mtu anayempokea mgeni aliyekwisha kukaa miaka, kisha akanisogezea kiti cha pili.

“Karibu Doonholm,” akasema.